Barua ya Wazi kwa Mlinzi wa Mihuri: Asante kwa Kutulindia Ndoa

Kongolo, jimbo la Tanganyika

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Sheria, Mlinzi wa Mihuri, Kinshasa

Kuhusu: Shukrani za maskini walioshindwa kuachana

Mheshimiwa Waziri,

Usiogope kufungua barua hii, maana sikuleta malalamiko. Hayo nadhani meza yako imeshiba. Nimeleta shukrani.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 40, inasema familia iko chini ya ulinzi wa mamlaka ya umma. Wako waliosoma maneno hayo wakacheka. Sisi hatucheki, kwa sababu ulinzi wenyewe tumeuona kwa macho. Maskini wa hapa akitaka kuachana na mwenzake, serikali haimkatazi. Haimpigi wala haimfungi. Inamwambia tu: tafuta avoka. Basi anatafuta, anauliza bei, anarudi nyumbani kuwasha moto apike. Wazungu wanawalipa washauri wa ndoa kwa saa, na bado wanaachana. Sisi bei ya avoka peke yake imetutosha.

Mfano ninao karibu, nyuma ya ukuta wangu. Jirani yangu ni mama anayeuza mawese sokoni. Mumewe alikwenda Manono kuchimba kasiteriti, na huko akapata mali nyingine: mke kijana na watoto wawili. Ukaribu wa huduma ni jambo la kusifu, Mheshimiwa. Biro ya serikali inaweza kuchelewa kufika kwetu hata miaka arobaini, lakini biro ya pili, yaani mke wa pembeni, haijawahi kushindwa na barabara yoyote katika nchi hii.

Mama huyu hataki fujo. Anataka ndoa ivunjwe kwa sheria, watoto walishwe na baba yao, na ijulikane nani mwenye parseli na nyumba ya mabati. Mabati hayo yalinunuliwa kwa pesa ya mawese, bidoni baada ya bidoni. Kanuni ya Familia iko upande wake kuliko anavyojua. Wenye ndoa wasipochagua utaratibu mwingine, mali waliyoichuma wakiwa pamoja ni ya wote wawili. Lakini hilo hakuambiwa na mtu. Alichoambiwa ni bei, na bei ilisemwa kwa dola. Akahesabu bidoni kwa vidole mpaka vidole vikaisha, kisha akauliza kama anaweza kulipa kidogo kidogo. Avoka, mtu mpole kabisa, akamjibu kwamba inawezekana, mradi kidogo cha kwanza kiwe nusu.

Simlaumu avoka. Naye ana watoto shuleni, na masomo yake hakuna aliyemlipia. Tena sheria ilikwisha kufikiria watu kama jirani yangu zamani, kabla hata hajazaliwa. Ordonansi-sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979, wakati wa Mobutu, inaagiza kila baraza la maavoka liwe na biro ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo. Ya bure! Nilipomsomea, mama alipiga vigelegele, nami nikaona vibaya kumkatiza. Ikabidi nimweleze kwamba baraza la maavoka hukaa palipo mahakama ya rufani, na kwetu Tanganyika hapo ndipo Kalemie.

Wewe, Mheshimiwa, unafika Kalemie kwa ndege. Mama wa mawese atakwenda kwanza hadi Kabalo, kisha atangoja treni ya Kalemie, kilomita 273 za reli ambayo Wabelgiji waliimaliza mwaka 1915. Treni hiyo ni kama mjomba tajiri: itakuja siku itakayopenda, na huwezi kuigombeza. Atalala stesheni, atakula kwa kununua, na biashara ya sokoni itamngoja au itakufa. Akifika, mashauri ni ya bure kabisa. Akiyapata atarudi nayo kwa treni ileile, halafu ataitwa tena kwa karatasi ambayo hakuileta. Nimepiga hesabu ya safari, na naona ingekuwa nafuu kumlipa avoka.

Usidhani kwamba sheria ilisahau gharama za tribinali yenyewe. Iko dekreti ya tarehe 7 Machi 1960 juu ya mwenendo wa kesi za madai. Ilitiwa sahihi Mbelgiji akiwa anafunga masanduku, na mpaka leo inafanya kazi bila likizo. Dekreti hiyo inasema maskini anaweza kusamehewa pesa za kuweka kabla ya kesi, akithibitishwa kuwa maskini. Ndipo jirani yangu akaenda kutafuta uthibitisho. Ofisi moja, ambayo jina lake nitalifunika kwa kitenge, ilimwomba pesa kwa ajili ya karatasi ya kuonyesha kwamba hana pesa. Alipojibu kwamba hana, wakamwambia hilo haliwezi kujulikana bila karatasi. Umaskini anao, majirani wote ni mashahidi, ila hauna mhuri. Na kwa kuwa wewe ndiwe Mlinzi wa Mihuri, nakupa taarifa njema: mihuri yako inalindwa vizuri sana. Hakuna hata mmoja uliotoroka ukafika kwa mtu asiye na kitu.

Sasa nisikilize kwa siri, kwa sababu hili likijulikana litaharibu kazi yote.

Kanuni ya Familia inamruhusu anayetaka talaka aende mwenyewe kwa mkuu wa tribinali ya amani na kueleza sababu zake, kwa maandishi au kwa mdomo tu. Akisema kwa mdomo, karani anaandika. Baada ya hapo mkuu wa tribinali anawaita wote wawili na kujaribu kuwapatanisha, nao wanatakiwa kuja wenyewe. Maana yake mlango wa kwanza haudai avoka. Unadai miguu na mdomo, na mama wa mawese anavyo vyote viwili. Mdomo wake nimeusikia hata usiku wa mvua. Avoka atahitajika mbele, mambo ya mali na watoto yakigeuka vita. Hata hapo wako watetezi wa tribinali, wale wasio maavoka kamili, ambao mara nyingi wanakubali bei ya kibinadamu.

Unaona hatari? Watu wangejua hayo, wangeingia. Lakini umetukinga. Katiba ileile, kifungu cha 142, inaiagiza Serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu sheria itiwe sahihi. Kiswahili ni moja ya hizo nne. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilirekebishwa kwa sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, kwa hiyo siku 60 ziliisha katikati ya Septemba mwaka huohuo. Mimi bado naingoja ya Kiswahili. Sina wasiwasi, najua iko njiani. Labda imekaa Kabalo, inangoja treni.

Na ni bahati haijafika. Marekebisho hayo ya 2016 yalifuta ule utaratibu wa mke kuomba ruhusa ya mume kwa karibu kila tendo la kisheria. Sokoni kwetu wako wanawake ambao mpaka leo wanaomba ruhusa hiyo, na waume ambao wanaitoa kwa shingo ngumu, pande zote mbili zikidhani ni sheria. Ukiwatumia kitabu cha Kiswahili utawavunjia amani.

Nawasikitikia majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Tanzania ilitunga sheria ya msaada wa kisheria mwaka 2017, ikawatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa kawaida waliofundishwa, wanaokaa mitaani na kumweleza mtu haki yake bila kumtoza. Mwaka 2021 wakaongeza balaa juu ya balaa: Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Hebu fikiria mtu anasimama mbele ya juji na kuelewa kesi yake mwenyewe! Sisi karatasi zinazungumza Kifaransa, kwa hiyo mtu anashindwa kwa adabu, bila kubishana.

Utaniuliza: basi huko Kongolo watu wanaachana namna gani? Tunao wazee. Wanakaa chini ya mwembe, wanakula kuku, wanakunywa, wanasikiliza. Sitawadharau, maana nimewaona wakimaliza kwa siku moja ugomvi ambao tribinali ingeulea mpaka watoto waoe. Kwa maneno mabaya, kwa kipigo, kwa mume aliyesahau kuwatembelea wakwe, siwezi kumshauri mtu aende kwingine. Lakini parseli ikitajwa, hewa inabadilika. Wazee waliokaa kwa jirani yangu walikuwa baba wadogo wa mume. Walimuuliza mahari itarudishwa na nani. Alipotaja mabati, mmoja akamkumbusha kwa upole kwamba siku ya harusi hakuja na bati hata moja. Kila mtu akatikisa kichwa kwa hekima hiyo, nami nikiwemo, kwa sababu sahani ya kuku ilikuwa karibu nami.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nina maombi machache ya kulinda hali tuliyonayo. Asije mtu wako akabandika kwenye mlango wa soko karatasi ya Kiswahili yenye sentensi tatu: nenda mwenyewe kwa tribinali ya amani, unaweza kusema kwa mdomo, ukiwa maskini omba usamehewe gharama. Karatasi hiyo haigharimu hata soda moja, na ndiyo sababu inatisha. Wala usikubali wazo la kupakia biro ya mashauri ya bure kwenye treni, iteremke Nyunzu, Kabalo na Kongolo kwa siku chache kila msimu. Najua majuji huondoka kwenye viti vyao kwenda kuhukumu kesi za wanajeshi na wabakaji vijijini. Hayo ni mambo makubwa. Mawese na mabati yasije yakazoea kutembelewa.

Kuhusu jirani yangu, usijisumbue. Nilimsomea barua hii kabla ya kuituma. Nilipofika kwenye yale maneno ya mdomo na miguu, akaniomba nirudie, kisha akauliza tribinali inafungua saa ngapi. Sikumjibu. Niliona kwanza nikupe nafasi ya kuchukua hatua.

Wako mtiifu,

Mkaaji wa Kongolo, mwenye ndoa

Nakala kwa:
Mheshimiwa Gavana wa Tanganyika, Kalemie
Mkuu wa stesheni, popote treni ilipo
Wazee wa mwembe, pamoja na kuku
Mume wa jirani, Manono, ambaye ameoa tena bila avoka, bila karatasi na bila kungoja treni