Kadi Iliyobaki Ndani

Fedheha iliyonipata usiku wa juzi haijapoa bado, na kila niuonapo mlango uliofungwa masikio yangu hupata moto. Nami naisimulia mapema, kwani mashahidi walikuwa wengi.

Ndege ya Mwanza huondoka alfajiri, na mtu akaaye Bunju hana budi kulala Kipawa, karibu na kiwanja, kama baharia alalaye pwani akingoja pepo. Nikapanga chumba hotelini, nikakabidhiwa kadi ya kufungulia mlango.

Ama kadi hii ni ajabu. Aliyeibuni ni Mnorwe, Tor Sørnes, katika miaka ya 1970: kipande cha plastiki kilichotobolewa matundu, na nafasi 32 za matundu hayo zatosha kutoa mipangilio zaidi ya bilioni nne, hata kila mgeni akapata ufunguo ambao mwenziwe hakuwahi kuushika. Baadaye matundu yakaipisha sumaku. Lakini vitasa vingi vya namna hii hata leo huishi kwa betri zao vyenyewe, pasipo waya wa kuviunganisha na mapokezi, hivyo kadi ndiyo tarishi akiambiaye kitasa nani aingie na mwisho wake saa ngapi. Niliingia na kutoka mara nne kwa kustaajabu tu. Tena kadi hiyohiyo huchomekwa katika kijisanduku ukutani ndipo taa ziwake; basi itazame hila iliyomo: atakaye mwanga na aiache ndani, na atakaye kurudi ndani na atoke nayo.

Mimi nilichungulia ukumbini kumtafuta mhudumu, maji yalipokatika, povu kichwani na kikoi kiunoni kikiwa ndiyo sitara yangu pekee. Mlango ukajifunga nyuma yangu, taratibu, kwa adabu.

Mapokezini palijaa marubani na wahudumu wa ndege, wamenyooshwa pasi kuanzia kofia.

“Shikamoo, mzee,” akasema binti wa zamu. “Naomba kitambulisho.”

“Marahaba. Kimo chumbani, mwanangu.”

“Bila kitambulisho siwezi kukufungulia, mzee.”

“Na bila kufunguliwa siwezi kukileta.”

Akalitafakari hilo. “Basi kaa hapo kwanza.”

Nikakaa, povu likanikaukia. Punde akashuka Mzungu, kifua wazi, miguu mitupu, amefungiwa nje kama mimi. Kadi mpya ikatengenezwa kabla hajamaliza kueleza, na pole akapewa. Hapo, nakiri, mzaha ulinitoka. Nilikuwa nimelipa kama alivyolipa yeye, katika mji wangu mwenyewe, illa uso wake ulikuwa kitambulisho na wangu ulihitaji ushahidi. Nilifunguliwa baada ya nusu saa, askari akisimama mlangoni hadi nilipoionyesha pasipoti.

Simu ya kuniamsha ililia katika chumba cha jirani. Gari la kiwanjani lilichukua sanduku langu, likaniacha. Ndege nayo ikachelewa saa tatu.

Nilipofika Mwanza nikatia mkono mfukoni kutafuta nauli, nikaitoa kadi.