Mvua ya Ng'ombe

Mimi mtoto wa Tanga, mvua siiogopi. Kwetu masika huingia Machi, na Mei ikiisha yanaaga. Lakini hapa Brest, karibu na ncha ya magharibi ya Ufaransa, mvua ni mgeni aliyekuja na godoro lake.

Tena afadhali mvua yenyewe kuliko kuizungumza. Nyumbani ukikutana na mtu ngazini atakuuliza za asubuhi, za watoto, za mgonjwa, mpaka kapu likuume bega. Hapa jirani yangu, bibi wa ghorofa ya nne, hajui hata kama nina mke. Tukiingia kwenye lifti anataka habari za mawingu tu. Mara ya kwanza nilimjibu kwamba mvua ni baraka. Akaninunia wiki nzima. Kumbe hapa mvua hailaliwi wala haishukuriwi, inalalamikiwa, na mgeni naye atoe mchango wake.

Nikajiandikisha darasa la jioni ili nilalamike kwa ufasaha. Mswahili anasema "mvua inanyesha", mwenye kazi katajwa, yamekwisha. Mfaransa anasema "il pleut", yaani yeye ananyesha. Yeye nani? Mwalimu akasema hakuna mtu, ni sarufi tu. Haya. Huyo asiyekuwepo akizidisha, "il pleut des cordes", ananyesha kamba. Akipunguza inakuwa "crachin", neno la ukoo mmoja na kutema mate. Sisi tuna manyunyu, tuna rasharasha. Hawa wanatemewa mate na mbingu, na wanaisifia "crachin" yao kama sisi tunavyosifia machungwa ya Muheza.

Balaa nililipata jikoni ninakofanya kazi. Mpishi mmoja alichungulia dirishani akasema, "Il pleut comme vache qui pisse." Nikasikia "vache", ng'ombe, nikajua huu ni msemo wa wafugaji, wa watu wazima wenye heshima zao. Kesho yake ndani ya lifti nikamtolea bibi, kwa lafudhi safi kabisa. Bibi akakodolea macho vitufe. Ndipo neno la mwisho likaniingia akilini: mvua ya ng'ombe anayekojoa. Ghorofa nne zikawa safari ya Tanga hadi Mwanza.

Alinisamehe Juni 8, sikukuu ya Mtakatifu Médard. Wafaransa husema ikinyesha siku hiyo, itanyesha siku 40. Ilinyesha. Bibi alinitangazia kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Eti Mtakatifu Barnabé, Juni 11, anaweza kuitengua hukumu, lakini bibi hakuonekana kumtegemea.

Alhamisi iliyopita jua likawaka, kweli kweli. Nikaingia kwenye lifti meno yote nje: "Il fait beau!", yaani hali ya hewa ni nzuri. Bibi, mwavuli kwapani, akanitazama kwa huruma.

"Ça ne va pas durer."

Haudumu, huo uzuri. Nikapanda tena kufuata koti.