Makasia ya Kaka

Kaka alitoka Mbwera kipindi cha maji mafu, akashukia Nyamisati, na jioni akafika kwetu Kibiti mjini akiwa na Wifi, ndoo ya kamba na maelezo yale yale kuhusu injini ya mashua: iko kwa fundi, fundi anasubiri spea. Tuliyapokea kama tulivyoyapokea tangu masika ya mwaka huo, 2024. Mwanangu mkubwa, aliyekuja likizo kutoka chuoni Dar es Salaam, naye alikuwa na lake. Alileta boksi la karata za picha liitwalo Dixit, akataka tucheze watu sita baada ya kula, na Bibi awe mmoja wao.

Karata zake ni 84, hazina namba wala maandishi, ni picha tupu. Aliyeubuni mchezo huo ni Mfaransa, Jean-Louis Roubira, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto, na picha zilichorwa na Marie Cardouat. Kampuni ya Libellud iliutoa mwaka 2008, na mwaka 2010 ukanyakua Spiel des Jahres, tuzo ya Ujerumani ya mchezo bora wa mwaka. Kila mtu hushika karata sita. Mwenye zamu huchagua moja kimoyomoyo, husema neno linaloihusu, huilaza kifudifudi. Wengine nao hutafuta mikononi mwao picha inayokaribiana na neno hilo. Zote huchanganywa, hufunuliwa, kisha watu hupiga kura: ya msemaji ni ipi? Wakiijua wote, msemaji hapati kitu. Asipoijua hata mmoja, hapati kitu vilevile. Wakiijua baadhi tu, msemaji na hao waliomwelewa wanaondoka na pointi tatu tatu.

Bibi hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Amekulia kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo ambamo watu wa Rufiji hulinda mpunga usimalizwe na ndege na nguruwe, na usiku wa dunguni ulipitishwa kwa vitendawili. Tofauti aliiona mwenyewe: kitendawili jibu lake lipo tangu enzi, ukishalisikia umelijua, lakini hapa jibu linazaliwa papo hapo na kufa papo hapo. Akauliza anayeshindwa anatoa mji gani. Akaambiwa humu hakuna kupeana miji. Hakuridhika.

Mzunguko wa kwanza ukapita salama. Ikafika zamu ya Kaka. Alizitazama karata zake muda mrefu, akalaza moja, akasema: “Makasia.”

Mimi nilikuwa na picha yenye chombo cha majini, nikaiweka, na karibu kila kura ikaja kwangu. Karata ya Kaka ilikuwa ya konokono aliye chini ya ngazi ndefu ya mzunguko. Picha nzima haina tone la maji. Wifi peke yake ndiye aliyeichagua, tena bila kusita.

“Mume wangu,” Bibi akamwita Kaka kwa utani wao wa siku zote, “konokono na makasia wamekutania wapi?”

“Mwendo tu, Bibi. Polepole.”

“Nani anakwenda kwa makasia, na wewe una injini?”

Wifi alikuwa anacheka. Akanyamaza ghafla, na huko kunyamaza ndiko kulikotuambia yote.

Injini haikuwa kwa fundi. Mafuriko ya Aprili yalipozamisha mpunga wao, Kaka aliiweka rehani kwa mfanyabiashara mmoja ili apate chakula na ada za watoto. Tangu hapo alikuwa akipiga makasia mitoni katikati ya mikoko, maji yakimpinga, wakati kamba hawangoji: barafu ikiyeyuka kabla hajamfikia mnunuzi, bei inashuka, na deni linabaki pale pale.

Kaka akainuka atoke nje, goti likagonga sufuria. Mchuzi wa kamba wa nazi na bizari ukamwagika mkekani, juu ya karata. Watoto wakazirukia kwa kanga na fulana. Zile za chini zilikuwa zimeshalowa, kona zimefumuka, matabaka ya karatasi yanaachana. Na pale mlangoni, katikati ya vurugu hiyo, Kaka akamgeukia mkewe: “Si ungechagua ya Dada!”

“Nikukoseshe pointi?” Wifi akamjibu.

Mimi niko upande wa Wifi. Wala siamini kwamba neno lile lilimponyoka Kaka. Mtu aliyeficha jambo miezi yote hiyo, akapewa mchezo unaomlipa akieleweka na mmoja, mbele yake ameketi yule mmoja, alisema alichotaka kusema. Mdomo wake ulikuwa umechoka na fundi.

Usiku huo tuliongea hadi taa ya sola ikafifia. Mume wangu akatoa alichonacho, Bibi akaagiza nazi zake ziuzwe, na mwezi uliofuata injini ikakombolewa.

Karata zilikaushwa juu ya ungo, kivulini. Zilizoharibika kabisa watoto wamezichora upya kwenye maboksi ya biskuti: dungu, kiboko, mchu na mizizi yake iliyochomoza matopeni. Moja iliyopona ina doa la bizari mgongoni, kwa hiyo sasa wote tunajua imeshikwa na nani, na kila anayeipata analalamika.

Bibi naye anacheza kwa sheria yake. Neno lake lisipojulikana na yeyote, anadai mji. Mwanangu alimweleza kwamba kwa kanuni za mchezo hapo aliyekosa ni yeye. Akajibiwa kwamba aliyetunga kanuni hizo hajawahi kulala dunguni. Kaka akampa Utete, akaikataa. Wifi akampa Kilindoni, akaipokea, akaanza kusimulia alivyofika huko, nani walimlaki pwani na wali gani alipikiwa, na sisi bado tumeshika karata zetu tukingoja atuambie ile yake ilikuwa ipi.