Hotuba ya Utetezi Iliyotolewa Kigombe, Chini ya Mkungu

Enyi mabwana na mabibi wa Kigombe, wavuvi, wachuuzi na wakata mkonge, nanyi mlioketi juu ya ngalawa kwa kukosa viti: baada ya salamu na taadhima, mimi niliyejipa mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mwenye elimu ya kutosha kunipa, lakabu ya Bahari ya Tarehe baina ya Mto Umba na Mto Pangani, nimesimama alasiri hii kuwajibu wale wasiochoka kuutia Ukristo doa kwa mambo ya kale, mambo ambayo, laiti wangelikuwa na adabu, wangeliyaacha kilindini pamoja na silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani amekwisha zamani za zamani, na ambaye nyavu za pwani hii ya Tanga humwopoa bila kuwaomba radhi.

Kwanza humwopoa Almeida. Ni kweli kwamba mwaka 1505 Francisco de Almeida aliingia Kilwa na jeshi la Wareno. Ni kweli kwamba mapadri wa Kifransisko walishuka pwani na misalaba miwili wakiimba wimbo wa shukrani, na wimbo ulipokwisha mji ukatekwa nyara, kisha ikafuata zamu ya Mombasa, ukateketezwa kwa moto. Hayo sikatai. Nasema tu kwamba moto haukubatizwa. Waliochoma ni Wareno, na Ureno ni nchi. Walioimba ndio Wakristo, nami nimekuja kutetea uimbaji. Ama ile hati ya mwaka 1452, ambayo Papa Nikolasi wa Tano alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia utumwani Waislamu na wapagani, hiyo ilikuwa karatasi, na karatasi haina dini.

Lakini soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, hapo, mabwana, msinitajie nchi! Hapo ilitenda dini. Siku ya Krismasi ya mwaka uleule likawekwa pale pale Mkunazini jiwe la msingi la kanisa alilolijenga Edward Steere. Na anayenong'ona kwamba Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa mwezi Juni kwa kutishwa na manowari za Kiingereza, huyo hana moyo wa ibada, kwani hatambui kwamba manowari siku ile zilikuwa za Kikristo, ingawa merikebu za Almeida hazikuwa.

Hii ndiyo mizani yangu, nami nimeiazima kwa mchuuzi wa samaki ili muione kwa macho: kitanga cha kulia ni cha mema, kinaitwa Dini, cha kushoto ni cha mabaya, kinaitwa Watu. Shekhe mmoja wa hapa alinicheka asubuhi, nami nikamwuliza kwa heshima, "Shikamoo, shekhe wangu, na wale watumwa waliotoka bara wakapakiwa majahazini Pangani kwenda Unguja na Pemba, wenye misafara hawakuwa wakisali?" Akatafuna tambuu yake kwa muda, akasema, "Wale walikuwa wafanya biashara tu, mwanangu, dini haimo." Nikambusu mkono. Kumbe tulinunua mizani duka moja!

Kuna kijitabu kimoja mkobani nilichoapa kutokitoa. Frank Weston, Askofu wa Unguja, ambaye dayosisi yake ilifika mpaka Magila, hapo Muheza, alikiandika mwaka 1920 kuishutumu serikali ya kwao, Uingereza, kwa kuwafanyisha Waafrika wa Kenya kazi kwa shuruti. Wala hakusema kwamba wale ni watu tu, si sisi. Mnaiona hatari yake? Mtu wa namna hiyo hutia mema na mabaya ya kwao katika mizani isiyochezewa, na wakizidi wa namna yake, bingwa kama mimi atakula nini? Waama, kikae humo humo mkobani.

Maswali nitayapokea siku nyingine. Mwenye mizani amenisimamia kichwani tangu nianze, na tasi wake wameanza kunuka.