Nikopesheni Hela Yangu

"Kadi imekataa," kijana wa kaunta alisema, tena kwa sauti, tena kwa Kiswahili.

Msiba ulianzia kwenye hicho Kiswahili. Katika maduka mengine ya Columbus, Ohio, kadi ikikataa unaambiwa kwa Kiingereza cha upole, watu wa nyuma yako wanaendelea kuangalia simu zao, na unaondoka na siri yako. Hili ni duka la Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi. Jumamosi mchana foleni yake ni Afrika Mashariki nzima: Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu, Warundi, Wakenya, na sisi. Hakuna aliyehitaji mkalimani.

Juu ya kaunta kulikuwa na sembe, mchele, dagaa, maharage na nyama ya mbuzi. Jumla dola 61 na senti 40. Hakuna hata kimoja kilichokuwa changu. Vyote vilikuwa vya mama mmoja anayeheshimika sana miongoni mwa Watanzania wa mji huu; hakuna kamati ya harusi wala ya msiba isiyopitia sebuleni kwake. Alipofungua pochi nikamzuia mkono. "Weka, mama. Leo acha mwanao alipe." Nikaitoa kadi yangu ya kwanza ya mkopo, nikaishika kwa vidole viwili ili jina langu lisomeke.

Nikaichomeka. Mashine ikalia. Kijana akaniambia nigusishe. Nikagusisha, ikalia tena. Akaichukua mwenyewe, akakisugua kile kijumba cha dhahabu kwenye pindo la fulana yake, akaichanja kwa ule mstari mweusi wa nyuma. Safari hii ikalia kwa kirefu. Mama wa Kikongo nyuma yangu akasema, "Upulize kidogo, mutoto." Nikaipuliza. Mtu mzima, mwanafunzi wa chuo kikuu, nimesimama mbele ya kadamnasi napuliza plastiki. Mkenya mmoja akajitolea kunitetea: "Hiyo ni network tu." Mashine ya kaunta ya pili, hatua tatu kutoka pale, ilikuwa inapokea kadi za watu bila tatizo lolote.

Mama akanisogelea sikioni. "Mwanangu, huko chuoni mnakula lakini?"

Kisha akalipa. Alilipa kwa noti, akizihesabu mojamoja, na alipomaliza akanikunjia dola 20 kiganjani, "ya nauli." Mimi ndiye niliyekuwa nimemleta kwa gari. Jioni ile kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya likatoka tangazo ambalo halikutaja jina la mtu: wanafunzi wenye shida wasione haya kusema, jumuiya ipo.

Sasa, kadi ilikuwa na pesa. Hilo ndilo linaloniuma. Kikomo changu ni dola 200, na asubuhi ile sikuwa nadaiwa hata senti. Kitu pekee nilichonunua njiani ni mafuta ya dola 18, kwenye gari la kuazima. Mia mbili kutoa kumi na nane ni hesabu ya darasa la pili: inabaki 182. Benki ilipiga hesabu hiyohiyo ikapata 25.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. "Pesa yako haijachukuliwa," dada wa upande wa pili alinituliza. "Imezuiliwa tu." Naweza kuitumia? "Hapana." Sasa hiyo na iliyochukuliwa zinatofautiana nini? "Hii itarudi." Lini? "Inategemea kituo cha mafuta."

Nikaanza kusoma, na hapo hasira ikachanganyika na mshangao, kwa sababu jambo lenyewe ukilielewa ni tamu. Kwenye sheli za huku unachomeka kadi kwanza, mafuta baadaye. Pampu haijui kama umekuja na kigari cha mwanafunzi au na lori. Lakini lazima ijihakikishie kwamba utakachotia utaweza kukilipa, kwa hiyo inaiuliza benki: huyu ana uwezo? Haiwezi kuuliza kuhusu dola 18, kwa sababu wakati huo dola 18 hazijazaliwa. Mafuta bado yako chini ya ardhi. Inaomba kiasi cha kutosha kujaza tangi kubwa, na kanuni za mitandao ya kadi zinairuhusu iombe hadi dola 175. Benki inasema sawa, inazifungia kando. Wewe unatia vijilita vyako, unakung'uta bomba lisidondoshe hata tone, unaondoka. Kituo kikituma hesabu halisi, zuio linaachiliwa. Linaweza kuachiliwa baada ya dakika chache. Linaweza kukaa siku mbili tatu.

Utaratibu huu hauna ubaguzi wowote, ndiyo maana unaumiza. Mwenye kikomo cha dola 10,000 akizuiliwa 175 hajui kama kuna kitu kimetokea. Atatia mafuta maisha yake yote, atazeeka, atazikwa, bila kujua. Mwenye kikomo cha dola 200 anapuliza kadi mbele ya watu. Na dawa ipo: ingia ndani, mtajie keshia kwamba unataka mafuta ya dola 18, alipishe kadi kiasi hichohicho. Kwenye pampu niliyotilia mimi kulikuwa na tangazo la soda, la bahati nasibu na la soseji. Hilo la dola 175 halikuwepo.

Msomaji atauliza kikomo chenyewe kwa nini ni dola 200, hela ambayo ukiingia nayo duka la viatu hutoki na jozi mbili za maana.

Mwanzoni niliomba kadi ya kawaida. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 21 aonyeshe kipato chake mwenyewe, la sivyo alete mtu wa kusaini naye. Kipato ninacho: naosha sahani kwenye kantini ya chuo, saa zisizozidi 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, kama viza ya mwanafunzi inavyoruhusu. Benki ikanikatalia, na kwa kuwa sheria ya huku inamtaka mkopeshaji aeleze sababu za kumkatalia mtu, barua ikaja. Sababu: historia ya mikopo haitoshi. Sijawahi kukopa, kwa hiyo siwezi kukopa. Nikitaka kukopa, nianze kwa kuwa nimeshakopa.

Kaka mmoja wa shahada ya uzamili, mwenyeji wa mambo haya, akanielekeza kadi ya amana. Inafanya kazi hivi. Unawapa benki dola 200 zako. Wanazifungia kwenye akaunti usiyoweza kuigusa. Kisha wanakukopesha dola 200. Ukizitumia usipomaliza deni kwa wakati, wanakutoza riba, yangu ni asilimia 28 kwa mwaka, na ukichelewa kuna faini juu yake. Ukishindwa kulipa kabisa, wanachukua zile dola 200 za mwanzo. Nilimrudishia maelezo yake neno kwa neno nione kama kuna mahali nimeelewa vibaya. Hapakuwa na mahali. Fomu ilikuwa pia na sanduku la kuweka tiki kwamba nimesoma na kuelewa hatari ya mkopo. Hatari ya nani, haikusema.

Uchungu unazidi ukijua kadi hizi zilivyoanza. Septemba 1958 Bank of America iliwapelekea wakazi wa mji wa Fresno, California, kadi 60,000 kwa posta. Hakuna aliyeomba. Mtu anafungua bahasha akitarajia bili ya umeme, anakuta mkopo, kikomo dola 300 hadi 500 za enzi hizo, ambazo zilikuwa hela kwelikweli. Hakujaza fomu, hakuweka amana. Wenye benki walitarajia asilimia 4 ya akaunti ndizo zitakazochelewa kulipwa; zikachelewa asilimia 22. Watu wa Fresno walikula, wakavaa, wakafuta midomo, na mwaka 1970 sheria ikapiga marufuku kumtumia mtu kadi ya mkopo ambayo hakuiomba. Hata wanafunzi walikuwa na zama zao. Kabla ya ile sheria ya 2009, mawakala wa kadi waliweka meza vyuoni: jaza fomu, chukua fulana, chukua kipande cha pizza. Sheria ikakataza zawadi hizo chuoni na jirani na chuo. Ninaelewa ilikusudia kutulinda. Ila nimefika meza zimeshakunjwa na pizza imeisha.

Basi nikawa na kadi, na lengo la kadi si kununua vitu. Lengo ni alama. Mwaka 1956 mhandisi Bill Fair na mwanahisabati Earl Isaac walianzisha kampuni ya kukadiria kwa hesabu nani atalipa deni na nani hatalipa, na mwaka 1989 alama zinazoitwa FICO zikaanza kutumiwa na wakopeshaji wa kila aina. Zinaanzia 300, zinaishia 850, na hupati hata moja mpaka uwe na akaunti yenye umri wa miezi sita. Asilimia 35 ya alama ni kulipa kwa wakati. Asilimia 15 ni umri wa historia yako, 10 ni mikopo mipya, 10 nyingine ni mchanganyiko wa aina za mikopo. Asilimia 30 iliyobaki ni deni ulilonalo, na hapo ndipo penye utamu.

Kinachoangaliwa hapo hasa ni deni lako ukililinganisha na kikomo chako. Kila mshauri wa huku anasema usivuke asilimia 30. Thelathini ya mia mbili ni dola 60. Maana yake kadi ya dola 200 ni kadi ya dola 60 iliyovaa koti kubwa. Halafu kuna suala la tarehe. Benki kwa kawaida hupeleka taarifa zako kwa kampuni za kumbukumbu za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, kama zilivyosomeka siku bili ya mwezi inapofungwa. Tarehe ya mwisho ya kulipa inakuja baadaye, si chini ya siku 21. Kwa hiyo nikinunua vitabu vya dola 150 na kuvilipa vyote ndani ya muda, bila kudaiwa riba hata senti, bado nitakuwa nimeonekana mtu aliyezama kwenye deni kwa asilimia 75, na alama zitashuka. Nilichora kalenda, tarehe moja kwa wino mwekundu, nyingine kwa bluu, mpaka njia ikaonekana: lipa kabla bili haijafungwa, bakiza vidola vichache vionekane, halafu umalizie hivyo kabla ya tarehe ya mwisho. Mtihani wa takwimu ulikuwa kesho yake. Sikuusomea, ila usiku ule nilijiona gavana wa Benki Kuu.

Mengine yalikuwa madogo. Kadi ilifuliwa pamoja na suruali ya jinzi, ikatoka safi na nzima.

Benki iliifungia saa nane za usiku nilipokuwa nakata tiketi ya basi la Cleveland, ikihofia nimeibiwa dola 22.

Na chumba nilikipata kwa kulipa amana ya miezi miwili, wakati mwenzangu wa darasa, mwenye alama 740, alipanga mlango wa pili kwa amana ya mwezi mmoja.

Hili la chumba silicheki. Yeye kadi yake ya kwanza alifunguliwa na baba yake akiwa bado sekondari. Jina lake liliongezwa kwenye akaunti ya mzee, na historia ya mzee ikawa yake. Simlaumu, ni kijana mwema na amewahi kuniazima gari. Ila mwezi huo mmoja wa ziada nimeulipa mimi, niliyefika na masanduku mawili, na haukulipwa na yeye ambaye asingeuhisi. Kampuni ya simu nayo ilitaka amana. Mfumo mzima unamkagua mtu, unaona hana, halafu unamtoza kwa sababu hana.

Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu Tabata, Dar, naye alikuwa na daftari la madeni, kava limelowa mafuta ya taa, kalamu imefungwa kwa uzi. Alijua nani kachelewa kulipa na kwa nini: huyu mshahara haujatoka, yule ana mgonjwa hospitali ya Muhimbili, huyu ni mlevi tu. Lakini mteja aliyemwinukia na kumpa mkono alikuwa yule ambaye jina lake halimo daftarini. La mama yangu halikuwemo, na aliringia jambo hilo mtaa mzima. Amesomesha watoto bila kudaiwa na mtu. Angeshuka kesho Columbus, mashine zingemtafuta, zisimwone, na angewekwa nyuma ya yule mlevi, maana mlevi angalau ana rekodi. Mikopo ya simu ya M-Pawa niliyokuwa nikiilipa kwa wakati nikiwa Dar nayo haikuvuka bahari. Huku nimezaliwa siku nilipoweka dola 200.

Wiki hii benki imeniandikia. Wananipongeza kwa nidhamu yangu ya malipo na wanafurahi kunijulisha kuwa sasa ninastahili kikomo cha dola 400. Kinachotakiwa ni kitu kidogo tu: niongeze amana ya dola 200. Aya ya mwisho ina habari njema zaidi. Nikiendelea hivihivi kwa mwaka mzima, wanaweza kufikiria kunirudishia amana.

Wanaweza. Kufikiria. Hela yangu!