Kabla Mjomba Hajachonga: Mwongozo wa Sheria za Resi za Ngalawa Ndogo

Andika sheria kabla mbao haijaguswa. Ukisubiri mpaka vingalawa vya rimoti vimepangwa mchangani pale Jimbizi, Kilwa Masoko, kila sheria utakayotunga itakuwa na jina la mtu: hii ya kumbana fulani, ile ya kumbeba mwanawe mwenyekiti.

Kisha chagua chombo, nacho kiwe ngalawa. Daraja la mita moja la mashua za rimoti, linalotumika kimataifa tangu 1988, lina mengi ya kutufunza: urefu usizidi milimita 1,000, uzito usipungue gramu 4,000. Tujifunze vipimo, umbo tunalo. Kwenye chokaa ya kuta za magofu ya Kilwa kuna michoro ya vyombo iliyokwanguliwa na watu wa zamani, na Peter na Margaret Garlake waliandika habari za michoro ya namna hiyo ya pwani yetu mwaka 1964. Huo ni urithi wa kuchongewa mbao.

Urefu uwe sentimita 60, omo hadi tezi, usukani ukiachwa nje. Usilegeze hata kidole. Chombo kinachokata maji kasi yake hubanwa na urefu wake, na cha mita 1 kikomo chake kiko juu ya cha sentimita 60 kwa karibu asilimia 29. Hapo nahodha hodari hana la kufanya.

Uzito usipungue kilo 1, betri ikiwa ndani, upimwe kwa mzani wa wauza samaki mbele ya watu wote. Wepesi ndio unaouzwa ghali. Mwenye jamaa Dar es Salaam ataletewa mlingoti wa faiba na betri nyepesi kama biskuti. Mtoto wa Kivinje ana kipande cha mwembe na kisu. Kilichopungua kiongezewe chubwi mpaka mzani ukubali, na hiyo fedha ya wepesi itakuwa imemnunulia mwenyewe risasi.

Tanga ndilo litakaloleta ugomvi, kwa hiyo hapa usiharakishe. Tanga la ngalawa hujaa upepo likatuna, pindo zake zina mikunjo, na ukianza kulipima eneo kwa rula jua litazama mnabishana. Usipime tanga, pima kitambaa. Gawa kipande kimoja cha kiroba kwa kila mshindani, sentimita 50 kwa 50, chenye alama ya kamati. Akate apendavyo, ashone apendavyo, ila asiunge. Foromali ndefu au fupi ni shauri lake. Ujuzi wa kukata tanga ni elimu ya pwani hii, na sheria inayouzima haifai hata kama ni ya haki.

Sasa wajomba. Kila mtu anajua ngalawa ya mtoto wa miaka 9 iliyopigwa msasa ikang'aa vile imetoka mkononi mwa nani. Usimfukuze mjomba, bila yeye mtoto hatajifunza kuchonga. Mruhusu achonge gogo, lakini tanga likatwe na mtoto mwenyewe siku moja kabla ya resi, ufukweni, wajomba wakiwa wamekaa upande wa pili wakinywa kahawa.

Rimoti iwe na kazi mbili tu: kugeuza usukani, na kukaza au kulegeza demani. Asiye na rimoti asichanganywe na wenye nazo. Mpe resi yake ya upepo wa nyuma, usukani umefungwa, na zawadi yake iwe sawa na ya wenzake. Hili nalishikilia sana, kwa sababu resi ya namna hiyo ndiyo iliyotulea wengi.

Njia ya resi iwe na kipande cha kubisha, kwani kwenda na upepo hata kifuu cha nazi kinaweza. Panga siku ya maji mafu, bamvua isije ikakuachia maboya juu ya mchanga.

Washindi watatu wapimwe tena wanapotoka majini, kabla hawajashangiliwa. Wapimaji wawe watatu, mmoja wao asiwe na mtoto wala mpwa kwenye resi. Ikibidi aletwe kutoka Lindi mjini. Malalamiko yapokelewe mpaka maji yanapoanza kupwa. Na nakala ya sheria apewe kwanza yule mjomba mbishi kuliko wote, kwa sababu yeye ataisoma hadi mstari wa mwisho.