Flashi ya Baba Mkwe

Kompyuta ikiingia nyumba moja hapa Hewa Bora, Lubumbashi, imeingia mtaa mzima. Yetu ilitoka Dubai ikiwa imeshatumiwa na watu tusiowajua, na kabla hatujaifuta vumbi mama wa nyumba ya pili alishauliza kama ina printa. Ina. Tangu hapo sebule yangu imekuwa ofisi. Wanafunzi wa chuo kikuu huleta TFC zao, zile kazi za kumalizia masomo. Kwaya huleta maneno ya nyimbo. Vijana wanaoomba kazi migodini huleta barua ambazo zote huanza kwa heshima kubwa na kuishia kwa namba ya simu ya kaka. Na binti wa jirani huleta tamthilia za kuhamishwa "mbio mbio tu, Papa", kazi ambayo humaliza mchana. Hakuna anayekuja mikono mitupu. Kila mmoja ana kaflashi kake, shingoni au kwenye funguo, na ndani yake mna alichokusudia kukileta pamoja na wageni asiojua kwamba amewabeba.

Sinema hutuonyesha mdukuzi kijana wa mbali, kichwa kimefunikwa kofia ya sweta, akigonga vitufe gizani. Huyo kwetu angekufa njaa. Mega ni ghali, intaneti tunaionja tu, mafaili yetu hutembea kwa miguu. Hata majasusi wamelijua hilo: mwaka 2023 watafiti wa Mandiant walieleza jinsi wadukuzi waliohusishwa na China walivyosambaza programu ya upelelezi iitwayo Sogu kwa njia ya flashi, na Afrika ikawa na wahanga wengi, huku maduka ya kuchapisha na sehemu za intaneti za kulipia zikishukiwa kuwa vituo vya maambukizi. Nilisoma habari hiyo nikaiangalia printa yangu kwa jicho jipya. Kama kuna jasusi aliyewahi kupita kwetu, basi sasa anajua kuimba besi za nyimbo zote za Pasaka.

Zamani flashi ilikuwa ikichomekwa tu, virusi vinajianzisha vyenyewe. Mwezi wa pili mwaka 2011 Microsoft ikaufunga mlango huo hata kwenye Windows za zamani, na tangu hapo virusi vingi vya flashi vinategemea kidole cha binadamu. Kwetu havikupata hasara yoyote, kwa sababu vina kitu cha kutegemea zaidi ya kidole: adabu. Mgeni amekaa, amepewa maji, ameulizwa habari za watoto, sasa ananyoosha mkono wenye flashi. Utamwambia nini? Unapokea kwa mikono miwili, unachomeka, unafungua.

Vile tunavyovijua sana ni vile vinavyoficha mafolda. Vinachukua folda zako, vinazifanya zisionekane, kisha vinaweka mahali pake vijipicha vyenye majina yaleyale na kamshale kadogo pembeni. Ukikabofya, folda inafunguka kama kawaida, wewe unaendelea na kazi yako, na nyuma ya pazia kirusi kinahamia kwenye mashine. Mwanafunzi mmoja alikuja usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi TFC yake, akaona kazi yake nzima ina uzito wa kilobaiti 1. Hakupiga kelele. Aliketi sakafuni tu, akaanza kuvua viatu.

Kazi haikuwa imepotea, ilikuwa imefichwa, na kuifichua hakuhitaji hata senti moja. Windows yenyewe ina amri iitwayo attrib: unafungua kile kidirisha cheusi, unaandika mstari mmoja, folda zinarudi. Daktari wetu ni mpwa wangu, anayesoma mambo hayo. Tatizo ni kwamba mashine ilikuja kutoka Dubai na vitufe vya Kiingereza, wakati Windows yake tuliiweka kwa Kifaransa, kwa hiyo ukibonyeza A inatoka Q. Mpwa aliandika attrib, kioo kikaonyesha qttrib, na Windows ikajibu kwa Kifaransa safi kwamba haimjui mtu huyo. Kistari tulikikuta kimejificha kwenye 6. Mkwaju ulikuwa juu ya nukta. Mwanafunzi, akiwa bado pekupeku, alikuwa akisali kwa sauti ya chini, na kila herufi ilipokataa alianza upya kutoka "Baba yetu". Folda ziliporudi alitukumbatia wote, akachomoa flashi, akaondoka nayo bila kusubiri isafishwe. Kule alikokwenda sina shaka walimpokea kwa mikono miwili.

Hapo ndipo mpwa alipoamua kututafutia antivirusi ya bure. Ni kijana mwenye akili, ila ana imani kubwa na vitufe vya kijani vilivyoandikwa "pakua". Alibofya kimoja kutafuta dawa, akarudi na ukurasa wa mwanzo wa kivinjari ambao hatukuuomba, na programu iliyopiga kengele nyekundu ikidai imekuta makosa zaidi ya elfu moja kwenye mashine, na kwamba itayaondoa yote tukitoa dola. Aina hiyo ni ya kale: inajifanya mganga, na ugonjwa ni yenyewe. Tuliing'oa kwa AdwCleaner, programu ndogo ya bure iliyotengenezwa mwaka 2011 na kijana wa Kifaransa na kununuliwa na Malwarebytes mwaka 2016. Haina haja ya kusimikwa, unaibofya inafagia. Safari hii mpwa aliipakua kutoka kwa wenyewe, si kwenye kitufe cha kijani.

Kumbe hata mlinzi tulikuwa naye ndani siku zote. Windows 10 inakuja na Defender, bure, na alikuwa amekaa pembeni kimya kwa sababu watumiaji wa Dubai walisimika walinzi wengine wawili, ambao muda wao ulikuwa umekwisha na walikuwa wakiangaliana wao kwa wao badala ya kuangalia mlango. Tulipowafukuza wote wawili mashine ilianza kuwaka kabla chai haijapoa.

Lakini mpwa hakutaka mlinzi wa kimya. Alitaka anayeongea.

Kuhusu neno "bure" nina la kusema kabla sijaendelea. Antivirusi ya Avast, ya Prague, ambayo ilizaliwa mwaka 1988 na kuanza kutolewa bure majumbani mwaka 2001, ilikuja kubainika kwamba ilikuwa ikikusanya habari za kurasa wanazotembelea watumiaji wake na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot. Duka hilo lilifungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaitoza dola milioni 16.5. Yaani watu walisimika kitu cha kuwafukuza wapelelezi, kikawapeleleza. Nilimweleza mpwa. Akaniambia, "Yomba, kwetu watauza nini? Bei ya mahindi?"

Basi akaweka anayeongea. Jina lake nitalihifadhi. Kumlisha orodha ya virusi vipya kulikula mega za juma zima. Ukaguzi wa kwanza wa mashine nzima nao una hadithi yake: kati ya bwawa la Inga na Kolwezi kuna laini ya umeme ya kilomita 1,700, iliyokamilika mwaka 1982 kwa ajili ya migodi ya shaba, na bado kuran, yaani umeme, ikifika kwangu hukaa kama mtu aliyeacha teksi inamsubiri nje. Ukaguzi ulifika asilimia tisini na kitu, giza likaingia, ukaanza upya kesho yake. Tukauita "novena".

Sasa baba mkwe.

Alikuja Jumapili baada ya ibada, pamoja na mama wanne wa kwaya na tantini mmoja mzito wa masikio, ili tusikilize nyimbo walizorekodi. Spika mbili kubwa zilikuwa zimeunganishwa. Nilinyoosha mikono yote miwili, na Papa akanikabidhi flashi huku akisema, bila mtu kumwuliza, "Mwana, hii ni ya kanisa. Iko muzuri."

Nilichomeka. King'ora kikalia. Kisha sauti ya mwanamke, kwa Kifaransa cha redio, ikautangazia ukumbi mzima kwamba kumegunduliwa virusi.

Wote waligeuka wakamtazama Papa. Tantini hakuwa amesikia zaidi ya neno "virusi", lakini macho yake ni mazima, na aliona watu wanamtazama nani. Aliinama, akachukua mkoba wake, akasogea kiti kimoja upande.

Jioni hiyohiyo habari ilikuwa imefika mtaa wa Kamalondo. Asubuhi shemeji alipiga simu kutoka Likasi kuuliza kama Papa ameshaanza dawa, na kama Mama naye amepimwa. Mmoja wa wale mama wa kwaya alimpelekea sufuria ya sombe, akaiweka mlangoni, akaondoka bila kubisha. Papa mwenyewe hakuwa na hasira na ugonjwa, maana alijijua mzima. Hasira yake ilikuwa juu ya utaratibu. Alimwambia kila aliyempigia: "Mashini ya mukwe wangu ilinipima mbele ya bantu, na sikuomba."

Wazee wa upande wa mke wangu waliitisha kikao. Nilieleza kwamba virusi vilikuwa ndani ya flashi, si ndani ya Papa. Mzee mmoja akatikisa kichwa taratibu akauliza, "Na flashi ilivipata wapi?" Ni swali ambalo wataalamu wenyewe hulipenda. Flashi ilikuwa imetoka kwa shemasi. Shemasi alipigiwa, akamtaja mpiga picha wa harusi. Mpiga picha akamtaja bwana harusi. Bwana harusi aliposikia neno virusi limetajwa pamoja na harusi yake alikata simu, na ikabidi watu wawili watumwe kwake usiku.

Mpwa alijaribu kusaidia. Akawaeleza wazee kwamba mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika Brain, virusi vya mwanzo kabisa vya kompyuta za PC kusambaa, na ndani yake waliweka majina yao, anwani ya duka na namba za simu. Wazee walipendezwa sana. "Hao ni watu," akasema mmoja. "Wamekukosea, lakini unajua pa kwenda."

Kisha mpwa akaongeza, na hapo alinigharimu, kwamba hata antivirusi huweza kukosea: mwezi wa kumi na moja mwaka 2008 AVG ililiona faili halali la Windows XP kuwa virusi, na kompyuta kadhaa zikakataa kuwaka, tena zilizopatwa zilikuwa za lugha chache tu, Kifaransa kikiwemo. Papa alisimama. "Kumbe inasingizia! Na inasingizia kwa Kifaransa!" Hakuna kielelezo nilichokuwa nacho cha kushindana na hicho. Hukumu ilitoka kabla ya saa tatu: kuku mmoja kutoka kwangu, na mashine ifundishwe heshima.

Kuifundisha heshima kulichukua kubofya mara moja, sehemu ya sauti. Suala la adabu lilibaki palepale. Ukimkagua mmoja umemtukana; njia ni kuwakagua wote, hadi mchungaji, na mbele ya wote. Mpwa alifufua kompyuta kuukuu isiyo na kazi, akaiwekea Ubuntu, mfumo wa bure wa Linux ambao virusi vya Windows vikiingia havina pa kushika, akaongeza ClamAV, antivirusi nyingine ya bure inayoongea kwa maandishi tu. Tukaiweka barazani. Kila flashi inasimama hapo kwanza, inafunguliwa, inasafishwa, ndipo inaruhusiwa kuingia sebuleni kwenye printa. Watoto waliibatiza Kasumbalesa, jina la mpaka wetu na Zambia, siku ya kwanza, maana kufika saa nne foleni ilikuwa hadi kwenye geti, na kuna waliokuja na viti.

Watu waliipenda kuliko nilivyotarajia. Msafishwa hajatukanwa, amepita mpakani tu. Dereva mmoja wa malori ya shaba, mtu aliyezoea njia ya Zambia, alitazama foleni, akatazama mashine, akauliza deklara ni nani, kwa sababu hawezi kumpa mashine mzigo wake moja kwa moja bila mtu wa kumfanyia makaratasi. Binti yangu mdogo, aliyekuwa ameketi hapo akila karanga, akajibu kwamba ni yeye, na kwamba ada ni peremende.

Baba mkwe alikuja Jumapili iliyofuata. Alisimama nyuma ya dereva, flashi ya kanisa mkononi, hakuruka mtu. Zamu yake ilipofika akatoa peremende mbili, akazihesabu mbele ya mjukuu wake, akadai risiti.